eCitizen na watu wenye ulemavu: Kanuni zipo, msimamizi hajulikani

JUNI 30, 2023, Rais William Ruto wa Kenya alizindua awamu mpya ya jukwaa la huduma za serikali mtandaoni, eCitizen, na kutangaza kuwa zaidi ya huduma 5,000 za umma zingepatikana hapo. Jukwaa hilo lilikuwa limeanza kutumika mwaka 2014 likiwa na huduma chache tu. Katika miaka iliyofuata uzinduzi huo, idadi iliyotajwa na serikali ilipanda hadi kuzidi 20,000.

Sambamba na hatua hiyo, wizara na taasisi za umma ziliagizwa kuacha njia zao za kukusanya fedha na kuelekeza malipo yote kwenye namba moja, 222222. Hoja za serikali zilikuwa mbili: kuziba mianya ya ulaji na kuwapunguzia wananchi adha ya foleni. Hoja hizo zina uzito. Mwenye kuikumbuka foleni ya pasipoti iliyokuwa ikizunguka jengo la Nyayo House jijini Nairobi, pamoja na madalali waliokuwa wakiishi kwa foleni hiyo, hawezi kudai kuwa mambo ya zamani yalikuwa mema.

Hata hivyo, kuna kundi la wananchi ambalo kwao mabadiliko hayo yameleta swali lisilojibiwa kwa hotuba ya uzinduzi. Mtu asiyeona, mwenye uoni hafifu, kiziwi, au asiyeweza kutumia mikono yake kushika kipanya cha kompyuta, anaingiaje katika ofisi ambayo sasa haina mlango mwingine isipokuwa skrini?

Swali hilo lingekuwa la kawaida kama mtandao ungebaki kuwa njia ya ziada. Tovuti mbovu ya gazeti au ya duka humwudhi msomaji, naye huhamia kwingine. Serikali haina mshindani wa kuhamia. Cheti cha kuzaliwa, leseni ya udereva, hati ya tabia njema ya polisi na usajili wa biashara vina mtoaji mmoja tu, na mtoaji huyo akisema vinaombwa kwa njia ya mtandao pekee, basi kasoro ya tovuti haibaki kuwa kasoro ya ufundi. Inakuwa kunyimwa huduma.

Wakenya wote walionja hali hiyo kwa siku chache mwishoni mwa Julai 2023, jukwaa la eCitizen liliposhambuliwa na wadukuzi na huduma zake kuyumba. Wasafiri walikwama bila viza, waliotaka vyeti walirudi mikono mitupu, na nchi nzima ikalalamika kwa haki. Kwa mwombaji ambaye programu yake ya kusoma skrini haiwezi kukitambua kitufe cha kuwasilisha fomu, hali kama hiyo haiishi kwa siku chache. Inaendelea hata siku ambayo wataalamu wanatangaza kuwa mfumo uko imara.

Ili kuelewa tatizo lenyewe, ni muhimu kufahamu jinsi mtu asiyeona anavyotumia kompyuta au simu, kwa kuwa wengi wanaoagiza tovuti za serikali hawajawahi kumwona akifanya hivyo. Mtu huyo hatazami ukurasa, bali anausikiliza. Zipo programu zinazousoma ukurasa kwa sauti, neno kwa neno, huku mtumiaji akisogea kwa vitufe vya kibodi au kwa kupitisha kidole juu ya kioo cha simu. JAWS, programu ya kulipia kutoka Marekani, ilianza kutumika katika kompyuta za Windows tangu miaka ya 1990. NVDA, ambayo hutolewa bure, ilianzishwa mwaka 2006 na vijana wawili wasioona wa Australia, Michael Curran na James Teh. Simu nyingi za Android huja na TalkBack ndani yake, na zile za Apple huja na VoiceOver.

Kwa maneno mengine, kifaa kipo. Kijana asiyeona mwenye simu ya kawaida mjini Kisumu au Mombasa anaweza kusoma habari, kutuma ujumbe na kupiga soga na wenzake bila msaada wa mtu. Kikwazo huanza pale anapofungua ukurasa ambao mjenzi wake alifikiria macho peke yake.

Programu hizo hazisomi picha iliyo kwenye skrini. Zinasoma msimbo ulioandikwa nyuma yake. Sehemu ya kujaza namba ya kitambulisho ikiwa haikupewa jina katika msimbo, mwenye macho ataona maneno "Namba ya Kitambulisho" yakiwa juu yake, lakini asiyeona atasikia tu kwamba hapa pana mahali pa kuandika. Aandike nini, hajui. Kitufe kilichochorwa kama mshale kitatamkwa "kitufe", basi. Kalenda ya kuchagua tarehe ya kuzaliwa, ambayo wabunifu huipenda sana, mara nyingi haifikiki kwa kibodi. Na ile picha ya herufi zilizopindapinda, inayomtaka mwombaji athibitishe kuwa yeye ni binadamu, humfungia nje binadamu asiyeona na, siku hizi, huipitisha mashine.

Yako pia mambo madogo yanayoumiza zaidi kuliko haya makubwa. Ukurasa hujifunga wenyewe baada ya dakika kadhaa kwa sababu za usalama. Mtu anayesikiliza fomu ya sehemu 40 humaliza muda huo akiwa nusu ya njia na kurudishwa mwanzo. Tangazo la nafasi za kazi, lililochapwa vizuri katika kompyuta, huchapishwa kwenye karatasi, likatiwa sahihi na muhuri, kisha likapigwa picha na kupandishwa mtandaoni kama faili la PDF. Kwa programu ya kusoma skrini hilo si tangazo tena, ni karatasi tupu. Upendo wa ofisi zetu kwa muhuri umewafungia watu wengi nje kuliko ugumu wowote wa teknolojia.

Kasoro nyingine inawahusu zaidi wasomaji wa Kiswahili. Kila ukurasa unatakiwa kutaja, katika msimbo wake, lugha ulioandikiwa. Zana za kujengea tovuti huja zikiwa zimetaja Kiingereza, na wajenzi wengi huacha hivyo hivyo hata maudhui yakiwa ya Kiswahili. Matokeo yake ni kwamba sauti ya kompyuta huyasoma maneno ya Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza, na maneno mepesi kama "tarehe" na "ada" hutoka kama lugha ya nchi isiyojulikana. Sauti za Kiswahili zipo katika programu hizo, hata zile za bure. Kinachohitajika ni kubadili herufi mbili: "en" iwe "sw". Hakuna bajeti inayoweza kulaumiwa kwa hilo.

Wasioona ndio hutajwa kwanza katika mijadala hii kwa kuwa hali yao inaeleweka upesi, lakini hawako peke yao. Katiba ya Kenya, katika Ibara ya 120, inaitambua Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Kwa kiziwi aliyekua akitumia lugha hiyo, Kiingereza cha maandishi ni lugha ya pili, na Kiingereza cha ofisi za serikali ni lugha ya tatu. Anapokwama katika fomu, ukurasa humwelekeza apige simu kituo cha msaada. Yeye kiziwi apige simu.

Mwenye mikono inayotetemeka hukwama kwenye vitufe vilivyosongamana. Mzee ambaye macho yamefifia, ambaye kamwe hatajiita mlemavu, hushindwa kusoma maandishi ya kijivu juu ya rangi nyeupe. Kanuni za kimataifa zinataka tofauti ya mwangaza kati ya maandishi ya kawaida na usuli wake isipungue 4.5 kwa 1, na hicho ni kipimo ambacho kompyuta yenyewe hukikagua kwa sekunde chache.

Je, watu hao wasioweza kupita hufanya nini? Huenda saiba. Hapo ndipo jambo hili linapogusa haki ambayo haihusiani na ulemavu pekee. Mhudumu wa kibanda cha saiba anapewa namba ya kitambulisho, nenosiri la eCitizen na ile namba ya siri ya mara moja inayoingia kwenye simu. Wakati mwingine hupewa simu yenyewe akamilishe malipo. Ibara ya 31 ya Katiba inalinda faragha ya kila mtu, na mwaka 2019 Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data kwa ajili ya kutekeleza haki hiyo. Lakini mfumo usiomwezesha raia kujihudumia humlazimisha kuukabidhi utambulisho wake wote kwa mtu aliyekutana naye dakika tano zilizopita, na kumlipa juu yake.

Wahudumu wengi wa saiba ni waaminifu, na bila wao maelfu wangekwama, wakiwamo wasio na ulemavu wowote. Hoja hapa si tabia yao. Mwenye macho huchagua kwenda saiba kwa kuwa hana muda au hajazoea kompyuta. Asiyeona aliyehitimu chuo kikuu, anayeandika kwa kibodi haraka kuliko mhudumu, huenda kwa sababu serikali yake haikumwachia uchaguzi.

Kinaya kikubwa kiko katika kodi. Agizo la mwaka 2010 liliwasamehe wafanyakazi wenye ulemavu kodi ya mapato kwa Sh150,000 za kwanza za kila mwezi, na maombi ya msamaha huo yakahamishiwa katika mfumo wa iTax wa Mamlaka ya Mapato. Nafuu iliyotungwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu ikawa inaombwa kupitia fomu ya mtandaoni, na thamani yake kwa mhusika ikaanza kutegemea kama anaweza kuijaza.

Jambo hilo linajirudia katika afya. Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii ilianza kuchukua nafasi ya ile bima ya zamani ya NHIF, na wananchi wakatakiwa kujisajili upya, kwa mtandao au kwa kubonyeza *147#. Njia hii ya pili ni nafuu kwa wasio na intaneti, na ni jambo la kupongezwa kuwa ilikuwapo. Lakini huduma za aina hiyo, za menyu fupi kwenye simu, hukatika zenyewe mtumiaji akichelewa kujibu, na anayesubiri sauti imalize kusoma orodha ya machaguo ndiye anayechelewa.

Ikiwa ni suala la sheria, Kenya haina upungufu mkubwa. Ibara ya 54 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia mahali pote, usafiri wa umma na habari, na kutumia lugha ya ishara, nukta nundu au njia nyingine ifaayo ya mawasiliano. Kabla ya hapo, mwaka 2008, nchi hiyo ilikuwa imeridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Ibara yake ya 9 inaitaja intaneti waziwazi. Ibara hiyo inazitaka pia nchi wanachama zihimize mifumo ijengwe ikiwa inafikika tangu hatua za awali, ili gharama iwe ndogo.

Mwaka 2022, Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, likishirikiana na shirika lisilo la kiserikali la inABLE, lilitoa kiwango KS 2952 kuhusu ufikikaji wa bidhaa na huduma za teknolojia ya habari na mawasiliano. Kenya ikatajwa kuwa ya kwanza barani Afrika kuwa na kiwango chake cha aina hiyo. Mei 2025 ikaja Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 2003.

Tatizo la viwango ni kwamba havijitekelezi. Kiwango ni kipimo, na kipimo kinahitaji mtu wa kukishika. KEBS hukagua mabati, unga na nondo kwa sababu kuna mkaguzi anayeingia dukani na kuna adhabu inayomngoja mfanyabiashara. Tovuti ya wizara ikizinduliwa, hakuna mkaguzi anayesimama mlangoni. Wizara itasema kazi ilifanywa na mkandarasi; mkandarasi atasema mkataba haukutaja; ofisi ya ununuzi itasema ilitumia fomu ya zabuni iliyozoeleka. Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu litapokea malalamiko na kuandika barua. Kila mmoja atakuwa amesema kweli.

Mpango Mkuu wa Kidijitali wa Kenya wa 2022 hadi 2032 unaonyesha jinsi mambo yanavyopimwa. Unazungumzia kilomita 100,000 za mkongo wa mawasiliano, vituo 25,000 vya intaneti ya umma isiyo na waya na vitovu 1,450 vya kidijitali katika wadi. Hayo ni malengo mazuri, na uzuri wake mmoja ni kwamba yanahesabika: waziri anaweza kusimama bungeni na kutaja kilomita. Idadi ya fomu za serikali ambazo mtu asiyeona anaweza kuzijaza peke yake hadi mwisho haina waziri wa kuitaja, kwa kuwa haikuwekwa katika orodha ya vitu vya kuhesabiwa.

Wapo wanaosema kuwa kundi lenyewe ni dogo. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliwahesabu watu wenye ulemavu kuwa asilimia 2.2 ya wenye umri wa miaka mitano na zaidi, yaani takriban watu 900,000, na kati yao wenye ugumu wa kuona walizidi 300,000. Takwimu hiyo inastahili kusomwa kwa tahadhari. Sensa ya mwaka 2009 ilikuwa imetoa asilimia 3.5, na hakuna anayedai kuwa katika miaka 10 ulemavu ulipungua kwa zaidi ya theluthi. Maswali yalibadilika, na kizingiti cha kuhesabiwa kikapanda. Kwa upande wa pili wa mpaka, sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 ilitoa asilimia 11.2. Shirika la Afya Duniani linakadiria asilimia 16 ya watu wote ulimwenguni. Wakenya si taifa lenye afya mara tano kuliko majirani zao. Wamehesabiwa kwa kipimo kingine, katika jamii ambayo bado baadhi ya familia huwaficha wagonjwa wao karani anapobisha hodi.

Hata hivyo, hata idadi ingekuwa ndogo, hoja hiyo ni dhaifu. Ngazi ya mahakama haijengewi njia ya kiti cha magurudumu baada ya kuhesabu viti vilivyopita.

Hoja ya gharama nayo ina historia yake, na historia hiyo inaanzia Sydney. Mwaka 1999, Bruce Maguire, raia wa Australia asiyeona, aliishitaki kamati ya maandalizi ya Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2000 kwa kuwa tovuti yake haikusomeka kwa kifaa chake cha nukta nundu. Picha hazikuwa na maelezo, na orodha ya michezo na majedwali ya matokeo hayakufikika. Kamati ilijitetea kuwa marekebisho yangechukua zaidi ya siku 360 za kazi na kugharimu dola za Australia milioni 2.2. Wataalamu walioitwa na upande wa mlalamikaji walisema ni kazi ya wiki nne hivi kwa kikundi kidogo.

Tume ya haki za binadamu ya nchi hiyo iliamua Agosti 24, 2000 kwamba kamati ilikuwa imembagua Maguire, na ikaagiza tovuti irekebishwe kabla ya michezo kuanza Septemba 15. Kamati haikutekeleza ipasavyo, na Novemba mwaka huo ikaamriwa kumlipa fidia ya dola 20,000 za Australia. Ulikuwa uamuzi wa kwanza duniani wa aina yake kupata umaarufu, na somo lake la kifedha halijachakaa: makadirio makubwa ya gharama hutolewa na yule asiyetaka kufanya kazi yenyewe.

Ukweli ni kwamba kasoro nyingi ni za aina chache na nyepesi. Taasisi ya Marekani ya WebAIM hukagua kila mwaka kurasa za mwanzo za tovuti milioni moja zinazotembelewa zaidi duniani. Mwaka 2025 ilikuta asilimia 94.8 ya kurasa hizo zikiwa na makosa yanayogundulika kwa mashine, na takriban asilimia 96 ya makosa yote yalikuwa ya aina sita tu: maandishi hafifu, picha zisizo na maelezo, sehemu za fomu zisizo na majina, viungo vitupu, vitufe vitupu na lugha ya ukurasa isiyotajwa. Kenya, kwa hiyo, haina aibu ya peke yake. Dunia nzima inajenga vibaya. Tofauti ni kwamba mahali pengine kuna mtu wa kuulizwa.

Umoja wa Ulaya ulitoa mwongozo wake mwaka 2016, ukazipa tovuti mpya za taasisi za umma hadi Septemba 23, 2019, za zamani hadi Septemba 23, 2020, na programu za simu hadi Juni 23, 2021. Jambo lenye manufaa zaidi katika mwongozo huo halikuwa tarehe hizo. Kila taasisi ilitakiwa kuweka kwenye tovuti yake tamko la wazi kueleza ni sehemu zipi hazifikiki, kwa nini, na mwananchi amwandikie nani. Na nchi wanachama zikatakiwa kukagua na kutoa taarifa kila baada ya miaka mitatu. Taasisi inayolazimika kuandika udhaifu wake kwa mkono wake yenyewe huona haya kuuacha mwaka hadi mwaka.

Kenya inaweza kuiga utaratibu huo bila kutunga sheria nyingine. Ingetosha KS 2952 iwe sharti katika kila zabuni ya mfumo wa umma, malipo ya mwisho ya mkandarasi yasubiri majaribio, na majaribio hayo yafanywe na watumiaji wenye ulemavu wanaolipwa kwa kazi hiyo. Kuwaita kwenye kikao cha kutoa maoni, kuwapa chai na posho ya nauli, kisha kuzindua mfumo uliokwisha kujengwa, si majaribio.

Wakati huohuo, taasisi za umma zinapaswa kujihadhari na njia ya mkato ambayo wauzaji wa teknolojia wanaipigia debe. Ni kipande cha programu kinachobandikwa juu ya tovuti, kikiweka kialama cha mtu kwenye pembe ya ukurasa na kuahidi kuwa kila kasoro itarekebishwa yenyewe. Januari 2025, Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilitangaza kuwa kampuni ya accessiBe ingelipa dola milioni moja kutokana na madai ya kupotosha wateja kuhusu uwezo wa bidhaa yake ya namna hiyo. Sehemu ya fomu isiyo na jina haipati jina kwa kubandikiwa kialama. Inapewa jina na aliyeijenga.

Tanzania, ambayo ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 na Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, inapita njia ileile. Usajili wa kampuni, maombi ya ajira serikalini na pasipoti vimehamia mtandaoni. Faida yake moja ni kuwa mifumo mingi ya umma huko inasimamiwa kiufundi na chombo kimoja, Mamlaka ya Serikali Mtandao. Chombo kimoja kikiamua kuwa hakuna mfumo utakaopitishwa bila majaribio ya programu ya kusoma skrini, kwa Kiswahili kinachotamkwa kama Kiswahili, agizo hilo linaweza kufika wizara zote kwa waraka mmoja.

Kuna hatua nyingine isiyohitaji mtaalamu wa kompyuta: kutofunga kaunta. Vituo vya Huduma, ambavyo Kenya ilianza kuvifungua mwaka 2013, vilisifiwa kwa sababu viliweka huduma nyingi chini ya paa moja pakiwa na mtu wa kuzungumza naye. Vituo hivyo vinapogeuzwa kuwa mahali pa kumwelekeza mwananchi akafungue akaunti mtandaoni, maana yake ya awali inapotea. Mwaka 2025 Mahakama Kuu ilibatilisha agizo la kulipa karo za shule kupitia eCitizen. Shauri hilo halikuwa la watu wenye ulemavu, lakini lilionyesha kuwa serikali haiwezi kumsukuma kila mtu kwenye mlango mmoja kwa waraka tu, na mawakili wa haki za walemavu bila shaka wameusoma uamuzi huo.

Kwa ofisa wa ununuzi anayesubiri kesi hiyo ifunguliwe au isifunguliwe, lipo jaribio ambalo anaweza kulifanya leo asubuhi kwa gharama ya dakika tano. Achomoe kipanya cha kompyuta. Afungue fomu yoyote ya taasisi yake na kusogea kwa kitufe cha Tab peke yake, kutoka juu hadi chini. Kama kialama cha kusogea kitapotea njiani, au kitazunguka bila kufika kwenye kitufe cha kulipa, mfumo huo haujakamilika, na hati ya malipo ya mkandarasi iliyoko mezani kwake haistahili kutiwa sahihi.